Vipande vya Maombi ya Mama Edah

"Mama Joy, ni nani huyo unamchungulia kwa hiyo kioo tangu asubuhi, kama mtu analinda mahindi isiibiwe?"

Aliyeuliza ni Jerop, muuza sweta za mitumba, ambaye meza yake ilikuwa mlangoni kabisa pa duka la Wilkista, ng'ambo ya soko la Kitale. Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka wa 2006, na baridi ilikuwa imewaleta wateja wengi kwa Jerop na kuwafukuza wote kwa Wilkista. Swali lilikuwa la utani tu. Lakini Wilkista, ndiye huyo Mama Joy, alishtuka kama mtu aliyekutwa na mkono ndani ya sufuria ya jirani.

"Simchungulii mtu. Niko kazini."

"Kazi gani bana, na vidole viko kwa mapaja?"

Jerop alicheka akarudi kwa sweta zake. Wilkista hakucheka. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na orodha ya majina, na macho yake yalikuwa yamegandia jina moja tu. Emmy, Kanduyi. Mbele ya jina hilo kulikuwa na mstari mdogo uliokuwa ukijaa rangi polepole. Asubuhi ulikuwa asilimia themanini na nne. Sasa ulikuwa themanini na tisa.

Emmy alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja.

Wilkista alikuwa taipisti. Miaka kumi na tisa alikuwa amewapigia watu chapa barua zao, kwanza kwa mashine ya taipu iliyolia kama mvua ya mawe juu ya mabati, kisha kwa kompyuta. Barua za kuomba kazi, barua za kuwaomba wakwe msamaha, ratiba za mazishi. Watu walisimama nyuma yake wakamwambia ya moyoni, naye akayapanga vizuri, akaweka koma na nukta. Lakini barua yake mwenyewe, hata moja, hakuwa amewahi kuandika. Ya kwake aliyaweka ndani.

Na ndani yalikuwa mengi. Yeye ndiye kifungua mimba wa Mama Edah wa Misikhu. Baada yake walifuata wavulana wawili, halafu, wakati mama alipodhani amemaliza kuzaa, akaja Emmy. Wilkista aliacha shule darasa la saba ili ambebe Emmy mgongoni mama akienda shambani. Mtoto akalia, akambembeleza. Mtoto akaota meno, akamtafunia viazi. Mtoto huyo huyo akasoma mpaka chuo cha ualimu, akajenga nyumba ya matofali Kanduyi. Mama Edah alipougua, wakasema Kanduyi ni karibu na hospitali, na mama akaenda kulala kitanda cha Emmy mwaka mzima mpaka Mungu alipomchukua, mwaka wa 2004. Wilkista alikuwa akishuka kila Jumapili ya pili. Alikuta mama ameshaoga, ameshakula, amefunikwa blanketi mpya. Hakuachiwa hata sahani ya kuosha. Mgeni mwingine angeshukuru. Yeye alirudi Kitale akiwa na donge moyoni.

Kitu kimoja tu Emmy hakuwa nacho. Mama Edah alikuwa mwimbishaji wa kanisa, tena alitunga nyimbo zake mwenyewe. Desemba ya 2001 Wilkista aliweka redio ya kaseti juu ya gunia la mahindi, jikoni kwa mama, akamwambia aimbe. Upande wa kwanza zikaingia nyimbo kumi na mbili. Upande wa pili mama aliomba. Aliomba kwa dakika ishirini na tano, jogoo akiwika katikati, akiwataja watoto wake kwa kufuata walivyozaliwa.

Wilkista aliyajua maombi hayo kwa moyo, na hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Kwake yeye mama alisema, "Na huyu mkubwa wangu, Bwana, wewe unamjua. Alinibebea." Basi. Pumzi moja. Wavulana wakapata kidogo zaidi. Halafu mwisho kabisa akaja Emmy, na kwa Emmy mama alikaa dakika mbili na zaidi, sauti ikitetemeka, akiomba hadi neno la amina. Wilkista alikuwa ameketi pale pale na kidole juu ya kitufe cha redio, akisikia kila neno. Hakumwambia mtu, wala Mungu hakumwambia vizuri.

Sasa tuje kwa hiyo kompyuta.

Mwaka uliotangulia, Bethwel, fundi mwenye saiba, duka la intaneti, iliyopakana na duka la Wilkista, alitoboa ukuta akampitishia waya wa intaneti. Alimhamishia pia ile kaseti ndani ya kompyuta, na akamwekea programu ya kugawana mafaili.

"Hii haiuzwi, Mama Joy," alimwambia. "Walioitengeneza wameigawa bure, na hata mapishi yake, yale maandishi ya ndani, wameacha wazi. Ukijua kusoma unasoma, ukiona chumvi haitoshi unaongeza, unawapa wengine."

"Na mwenyewe anakula nini?"

"Hakuna mwenyewe. Hata hakuna ghala moja kubwa mahali fulani. Wimbo wa mama yako unakaa kwa folda yako hapa Kitale. Mtu wa Nairobi akiutafuta, anauchukua kutoka kwako moja kwa moja. Na hakuna kungoja mmoja amalize: programu inaukata vipande vipande. Huyu anachukua kipande cha mwanzo, yule cha mwisho, halafu wanapeana wenyewe kwa wenyewe huku bado wanachukua kwako."

Wilkista aliwaza kidogo. Kisha uso wake ukafunguka. "Si hii ni palizi!"

Akina mama wa kanisa lake walikuwa na kikundi cha kupalilia kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule, kila mmoja anashika mistari yake, na kabla ya saa sita shamba limekwisha. Bethwel alicheka akasema ndiyo, tena programu hiyo ina kumbukumbu kuliko katibu wa kikundi. Kila anayetaka faili anapanga foleni, na aliyewahi kukupa wewe anasogezwa mbele. Asiyetoa chochote anakaa nyuma mpaka achoke. Stima ikipotea, kazi haipotei. Ikirudi, unaendelea pale jembe lilipoachia. Ukiwa na haraka unaweza kusikiliza kipande kilichofika kabla kingine hakijafika. Na chini ya kila faili kuna mahali pa kuandika maoni, ili wengine wajue kama ni nzuri au ni feki.

Tangu siku hiyo Wilkista aliita programu hiyo Palizi, na Bethwel naye akaanza kuiita hivyo.

Kwa furaha ya siku hizo Wilkista mwenyewe ndiye aliyempigia Emmy simu, akamweleza jinsi ya kuiweka kwenye kompyuta yake ya Kanduyi. Emmy alichukua nyimbo zote kumi na mbili kwa wiki moja. Wakati huo kwaya ya Kitale ilikuwa imeazima kaseti ili ijifunze nyimbo, na mtu fulani akarekodi mazoezi juu ya upande wa pili, akidhani ni mtupu. Wilkista alinyamaza. Maombi yalikuwa salama ndani ya kompyuta. Kaseti ilikuwa ya nini tena?

Lakini wivu haukosi pa kuotea. Emmy alizibadilisha majina zile nyimbo. Ukizitafuta zilitokea: Nyimbo za Mama Edah, Emmy, Kanduyi. Na kwa kuwa intaneti ya simu ya Kanduyi haikuwa ikikatika ovyo kama waya wa Kitale, watu wengi walichukua kwake. Wilkista alifungua orodha akaona, kwake wachukuaji watatu, kwa Emmy kumi na mmoja. Alifunga orodha. Akaifungua tena.

Aprili, kwenye kumbukumbu ya mama huko Misikhu, mwenyekiti wa akina mama alisimama akasema, "Tunamshukuru mwalimu Emmy, ametutunzia sauti ya Mama Edah. Mpaka vijana walio ng'ambo wanaisikia!" Watu wakapiga makofi. Wilkista alikuwa amesimama karibu na mlango na birika la chai mkononi. Aliliweka chini, akatoka nje, akaenda nyuma ya jikoni kutazama ukuta.

Ndiyo maana siku ile ya swali la Jerop alikuwa ameketi akitazama mstari ukijaa. Juma lililopita alikuwa ameweka faili ya mwisho, Maombi ya Mama, ambayo hakuwa ameigawa bado. Aliiweka kwa sababu Waruguru alikuwa ameiomba. Waruguru alikuwa muuguzi aliyemtunza mama pale hospitalini Bungoma kabla hajahamishiwa kazini Eldoret, na kumnyima ingekuwa dhambi. Lakini mlango uliofunguliwa kwa mmoja umefunguliwa kwa wote, na Emmy aliingia siku ya pili yake. Kwa kuwa Emmy alikuwa ameshatoa mengi, Palizi ilimweka mbele ya foleni kama malkia.

Tisini. Tisini na moja.

"Sasa atasikia," Wilkista aliwaza. "Atasikia zile dakika mbili zake. Atawasikilizisha wageni. Mama alilala kwake, makofi amepigiwa yeye, na maombi pia yawe yake!"

Mwanamke huyu alikuwa na zaka mkononi kila Jumapili na hakuwahi kumtukana mtu. Lakini siku hiyo alishika kipanya, akafungua mahali pa maoni, akaandika haraka, kama anavyoandika barua za watu: Feki. Hii si sauti ya Mama Edah. Usichukue.

Halafu akaona haitoshi. Akaichagua faili akabonyeza kuiondoa isigawiwe tena. Kompyuta ikamwuliza kwa Kiingereza kama ana hakika. Akakubali kabla hajamaliza kusoma. Jina la Emmy likatoweka kwenye orodha, na Wilkista akavuta pumzi ndefu, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Alasiri alitaka kuisikiliza faili, peke yake, kama mtu anayehesabu vyombo vyake baada ya wageni. Hakuiona. Alitafuta kwa folda hii na ile. Akamwita Bethwel kupitia tundu la ukutani.

Bethwel alikaa mbele ya mashine kwa muda mrefu, kisha akajikuna kichwa. "Mama Joy, hukuiondoa kwa orodha. Umeifuta kabisa. Na hii ikifuta, haipitii kwa kapu la takataka."

"Irudishe."

"Nimejaribu. Mahali pake pameshaandikwa kitu kingine." Akaendelea kutazama. "Na ni nani ameandika hapa ati ni feki?"

Wilkista alianza kupanga karatasi. Bethwel, kwa kuwa alilelewa vizuri, hakuuliza tena. Alisema tu, polepole, "Aliyeandika labda alidhani anaandika juu ya faili ya mtu fulani. Lakini Palizi haitazami jina, inatazama mwili wa faili. Ukiiita hivi au vile, ni ile ile moja. Maoni yakishawafikia walioichukua, yanabaki kwao. Kwa hivyo mtu huyo amemwita mama yako feki kwa kila mtu."

Kulikuwa na ujumbe pia, kutoka Eldoret. Waruguru alikuwa ameandika: "Pole mama, nimeona si sauti yake. Nimesimamisha. Nitaifuta nikipata nafasi."

Siku mbili Wilkista hakula vizuri. Siku ya tatu Emmy akapiga simu.

"Yaya," alisema, kama Wabukusu wanavyomwita ndugu yao, "maombi ya mama imesimama kwangu. Kwani stima imepotea huko?"

"Nitakuja Jumamosi," Wilkista alisema.

Jumamosi alikuta Emmy amechinja kuku. Hilo nalo lilimuuma, kwamba hata siku hii Emmy alikuwa mwema. Kompyuta ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio za zamani. Chai ikaletwa. Hakuna aliyeigusa.

"Kuna mtu wa huko Kitale ameandika ni feki," Emmy alisema. "Nilijua tu ni mteja wako mmoja amekaa kwa mashine akacheza. Nilikasirika mpaka nikataka kuja."

Wilkista aliangalia mikono yake.

"Na yaya, nilisikiliza ile imefika." Emmy aliinamisha kichwa. "Mama alikutaja wewe wa kwanza. Alisema, huyu mkubwa wangu, alinibebea. Nimerudia hapo mpaka watoto wananicheka. Mimi nilimwosha mwaka mzima, nikamlisha kwa kijiko, na kila siku alikuwa anauliza, Wilkista amefika? Wilkista anakuja lini? Sasa hapa ameomba, ametaja wewe, ametaja ndugu zetu, halafu sauti inakatika na amina siisikii." Alinyanyua macho, na yalikuwa yamejaa. "Wewe ulikuwa pale. Niambie ukweli. Mimi alinitaja?"

Nje kuku walioachwa hai walikuwa wakiparua.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua jibu. Kaseti ilikuwa na mazoezi ya kwaya. Faili ilikuwa imefutwa. Wilkista angeweza kusema sikumbuki, na lingeonekana ni neno la kawaida tu, na Emmy angebaki na jeraha lake maisha yote kama yeye alivyobaki na lake. Lile wazo lilikuja likakaa karibu naye, joto kabisa. Alilisikia. Na alishangaa zaidi kwamba huyu mtoto aliyekuwa akimwonea wivu miaka yote hii, naye alikuwa akimwonea yeye, kwa ajili ya pumzi moja ya mama.

"Alikutaja," Wilkista alisema. "Wewe ndiye alimalizia nawe. Alisema, Emmy wangu wa mwisho, Bwana, nilimzaa nikiwa nimechoka, na hajawahi kunichosha. Akaomba ukae na watu vizuri. Akaomba nyumba yako isikose mgeni. Aliomba sana, Emmy, mpaka mimi nilichoka kushika kitufe cha redio. Nilikasirika."

"Ulikasirika?"

"Nilikasirika mpaka leo." Akameza mate. "Si mteja aliandika feki. Ni mimi. Na mimi ndiye nimeifuta ikiwa imebaki kidogo ikufikie."

Emmy alisema kwa sauti ndogo, "Ile siku ya Misikhu niliwaambia ni wewe ulirekodi. Niliwaambia wakupigie wewe makofi. Ukawa umetoka."

"Nilikuwa nyuma ya jikoni."

"Kufanya nini?"

"Kutazama ukuta."

Emmy alicheka huku analia, kile kicheko cha kukoroma cha utotoni, na Wilkista akasikia donge lake la miaka likisogea kidogo. Halikutoka lote. Hata leo ukimsifu Emmy mbele yake, utaona anarekebisha leso.

"Lakini nataka kusikia kwa mdomo wake," Emmy alisema akijifuta. "Wewe umeniambia, sawa. Nataka sauti."

Walikaa pamoja mbele ya kioo. Palizi ilionyesha faili kama mstari mmoja mrefu. Sehemu kubwa ilikuwa imejaa rangi, na mwishoni palikuwa na pengo jekundu, pale pale mama alipomtaja Emmy. Chini yake kulikuwa na mstari wa Waruguru wa Eldoret, mfupi, wenye mapengo mengi, kwa sababu yeye alikuwa amepewa kwanza vipande ambavyo wengine hawakuwa navyo. Mwisho ulikuwa kwake. Dakika zile mbili zilikuwa Eldoret, kwenye kompyuta ya muuguzi aliyeambiwa ni feki, aliyesema ataifuta akipata nafasi. Mashine yake ilikuwa imezimwa.

"Mwandikie," Emmy alisema, "ataikuta akiwasha. Wewe ndiye taipisti."

Wilkista alisogeza kiti. Aliweka vidole mahali pake, vile vidole vilivyoandika barua za nusu ya Kitale bila kutazama, na kwa mara ya kwanza akakosa neno la kuanzia. Hakukuwa na mtu nyuma yake wa kumwambia aseme nini. Aliandika pole pole, akafuta, akaandika tena. Na alipomaliza hakuweka jina lake mbele. Aliandika hivi:

"Dada Waruguru, hii ni Emmy na Wilkista, watoto wa Mama Edah. Ile sauti ni yake. Mimi Wilkista ndiye niliandika feki, na nilidanganya kwa sababu ya wivu. Tafadhali usifute vile vipande ulivyo navyo, hakuna mwingine aliye navyo. Ukitoka kazini washa mashine, uiache ikiwaka. Sisi ya kwetu hatuizimi."